Maneno ya Baba Toroli

Mume wangu amepanga viti vya harusi nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na harusi ya binti yake mwenyewe aliikuta imeshaliwa keki. Anayetaka kucheka acheke. Mimi nimecheka, nimelia, na bado nina hasira, kwa hiyo nitasimulia na hasira yangu hivyo hivyo.

Kazi yake iko ugenini, kwenye hoteli kubwa yenye ukumbi ambamo watu wenye uwezo wao huoana. Kwenye beji yake cheo kimeandikwa kwa maneno marefu ya kupendeza, lakini kazi yenyewe ni viti. Anavitoa stoo vikiwa vimebebana, anavipanga, anavivisha vitambaa vyeupe, anavifunga utepe mgongoni. Wenye harusi wakishaketi, anasimama ukutani na jagi la maji, uso mkavu, kama hasikii kinachosemwa. Wakishaondoka anavivua viti nguo na kuvirudisha stoo. Kesho yake anaanza upya na maharusi wengine.

Naijua kazi hiyo kwa sababu na mimi nilikuwa hapo hapo, chini kabisa, kwenye chumba cha mashuka. Hakikuwa na dirisha. Mabomba yalipita juu ya vichwa vyetu yakitoa jasho, na ukitoka zamu hujui kama nje kuna jua au mvua. Binti yetu alizaliwa huko, na kwa kuwa hatukuwa na bibi wala shangazi wa kumwachia, nilikwenda naye kazini nikawa namlaza ndani ya toroli la vitambaa vya meza, juu ya vile vilivyotoka kupigwa pasi, bado vina joto. Msimamizi wa wakati huo alijua, akajifanya haoni, Mungu ambariki popote alipo. Ndipo mtoto alipopata jina la Toroli. Mimi nikawa Mama Toroli, mwenzangu akawa Baba Toroli, na majina hayo yametuganda mpaka leo.

Sasa, maneno. Kwenye kila harusi pale ukumbini, baba wa bibi harusi humleta binti mpaka mbele, akapewa kipaza sauti, akasema maneno yake, kisha akamkabidhi. Baba Toroli aliwasikiliza akina baba hao wote akiwa ukutani na jagi lake, halafu anashuka kwangu kunipa matokeo. Huyu alisoma karatasi kama anasoma tangazo la zabuni. Huyu alijisifu mwenyewe mpaka bibi harusi akasahaulika. Huyu alikuwa ameshakunywa. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Kisha anamwangalia mtoto aliyelala kwenye toroli, anasema, "Siku yangu mimi nitasema machache. Nitaanza hivi: binti yangu amelelewa na harusi za watu, amelala juu ya vitambaa vya meza zao. Leo meza ni yake."

"Halafu?" namuuliza.

"Halafu utasikia siku hiyo."

Toroli alipofikia umri wa shule, tulikubaliana nirudi naye nyumbani. Baba yake alisema, "Tangulieni, nakuja nyuma yenu." Hiyo nyuma yetu ikawa ndefu. Mkataba ukiisha anaongezewa mwingine, na kila akiongezewa anasema huu ndio wa mwisho. Likizo alipata, ila kwa kudra. Anakuja, anatupa zawadi, anarekebisha bawaba za milango, anaondoka mtoto akiwa ndiyo kwanza ameanza kumzoea. Mwaka uliobaki alikuwa baba wa kwenye simu. Siku za kuzaliwa za Toroli, siku aliyomaliza shule, siku aliyopata kazi ya uuguzi, tuliegemeza simu kwenye jagi katikati ya meza, na yeye akawa anapiga makofi kutoka kitanda cha juu, kwenye chumba cha watu wanne, kila mmoja na pazia lake. Mara picha inaganda, mdomo wazi, macho nusu. Tunakata keki mbele ya uso ulioganda. Akirudi hewani anauliza, "Mmeshakata?" Tunasema, "Bado, tunakusubiri wewe," tunakata kipande kingine, naye anafurahi. Kwa hiyo tabia yenyewe hatukuianza kwenye harusi.

Toroli alipopata mchumba, siku ya harusi ilipangwa kwa kufuata likizo ya baba yake. Likizo ilishakubaliwa. Alishona suti ya kijivu, akanionyesha kwenye simu ikiwa imening'inia kwenye fimbo ya pazia lake, na wale wenzake watatu wakatoa vichwa kutoka kwenye mapazia yao wakampigia vigelegele vya kiume, vibaya kweli kweli. Alikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Wiki ileile ya kusafiri, msimamizi mpya akamwita. Hoteli imepata harusi kubwa, ya watu wakubwa, viti havijawahi kuwa vingi hivyo, hakuna mtu kuondoka. Likizo imesogezwa mbele.

Alinipigia akiwa stoo. Nilimwona amekaa chini, viti vimebebana nyuma yake mpaka darini.

"Ahirisheni," alisema.

"Baba Toroli, watu wameshaalikwa."

"Ahirisheni, mama. Nimekosa kila kitu. Hiki kimoja nisubirini."

Nilikwenda kwa baba wa bwana harusi siku hiyo hiyo. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mnyoofu kama rula, na mpaka leo akikuona umechelewa anaangalia saa kwanza ndipo anaitikia salamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, harusi si miadi ya daktari wa meno. Ndugu zangu wengine wameshapanda mabasi." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tukakaa kikao jikoni kwangu, mimi, Toroli na shemeji yangu. Shemeji ni mdogo wake Baba Toroli, fundi rangi, mtu asiyeweza kukaa bila rangi ya nyumba ya mtu kwenye kucha zake. Toroli alisema bila baba yake haolewi. Nikamwambia kwa ubishi huo atazeeka. Shemeji ndiye aliyepata njia.

"Harusi iendelee," alisema. "Ila maneno tuyaache. Mimi nitamsindikiza mpaka mbele, na nitafunga mdomo. Kaka akija tutakusanyika tena, atayasema mwenyewe, na wao watampokea binti siku hiyo."

Tulirudi kwa Mwalimu Mkuu tukiwa watatu, shemeji akabembeleza mpaka akaloa jasho. Mzee alikubali kwa shingo upande. "Sawa," alisema. "Lakini asikae sana."

Na yeye Baba Toroli asijue. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: aliye mbali haambiwi jambo la kumuumiza kwenye simu. Unamsubiri afike, akae, anywe maji, ndipo unamwambia taratibu, mkono wako ukiwa begani kwake. Mtu yuko peke yake kwenye kitanda cha juu, utamrushia maumivu ya nini, nani atamshika? Kwa hiyo nilimpigia nikamwambia, "Sawa, tumeahirisha." Alilia. Alishukuru mpaka nikaona haya.

Siku ya harusi shemeji alimleta Toroli mpaka mbele, akitembea kwa uangalifu kama amebeba ngazi ndani ya nyumba yenye vioo. Mshereheshaji akauliza nani anamkabidhi binti huyu. Shemeji akasema tulivyokubaliana, "Mwenye maneno yuko safarini. Mimi nimemsindikiza tu." Watu wakaguna, Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa, tukaendelea na keki. Tulikuwa tumewakataza wageni kurusha picha mitandaoni, na kwa mara ya kwanza tangu ukoo wetu uwepo watu wakatii.

Katikati ya sherehe simu yangu ikalia. Nilitoka nje mbio, nikasimama nyuma ya tangi la maji na gauni langu la mama wa bibi harusi.

"Muziki wa nini huo?" aliuliza.

"Kwa jirani."

"Na hapa pia ni muziki tu. Nimetoroka kidogo. Wamemleta baba wa bibi harusi mbele sasa hivi, anasoma karatasi." Akacheka. "Mama Toroli, mimi sitasoma karatasi."

Nikacheka na mimi, nimeegemea tangi. Sijawahi kucheka kicheko kigumu namna ile.

Miezi ikapita. Kule kwa mumewe, Toroli aligeuza jambo hili utani. Mumewe akimwomba chai, anajibu, "Mimi bado sijakabidhiwa, kachemshe mwenyewe." Wakigombana kidogo anachukua mkoba, "Narudi kwetu, hakuna aliyenitoa." Mkwe wangu alikuwa akicheka, lakini siku moja aliniuliza, "Mama, baba anakuja lini hasa?" Nikaona kwamba utani huo kwake ulikuwa umeanza kuchosha. Na Toroli hakuwa anatania tupu. Nilimkuta chumbani amelitandika gauni lake la harusi kitandani, analikagua. Alisema siku ile alijizuia kulia, machozi anamwekea baba yake. Wakati huo alikuwa ameshapata mimba, tukaongeza kitambaa ubavuni.

Hatimaye Baba Toroli akaja. Tulikwenda kumpokea mimi na shemeji. Alitoka na begi moja la kuburuta, na suti ameibeba mkononi ndani ya mfuko wake, hataki mtu amsaidie. Nywele zimekuwa nyeupe masikioni. Mpango wangu ulikuwa ule ule: afike, akae, anywe maji. Lakini hatujatoka hata nje ya maegesho alishaanza, "Nimepunguza maneno. Nasikia watu wanapenda mafupi. Sikilizeni. Binti yangu amelelewa na harusi za watu..." Shemeji akaniangalia kwenye kioo cha gari. Nikaangalia nje.

Nyumbani alikaa, akanywa maji. Nikampa mengine, akanywa. Nikamwekea mkono begani.

"Baba Toroli, kuna jambo."

"La kheri?"

"Si baya sana."

Akautoa mkono wangu begani, akaushika. "Basi kama ni la kunichafua roho, niambie baada ya harusi. Nimekaa na hii harusi kifuani siku nyingi. Niache niifurahie kwanza."

Sasa mwenye akili aniambie pale ningefanya nini. Toroli mwenyewe alipokuja kumsalimia alijaribu, baba yake akamzuia kwa vicheko, akawa anamzungusha kumtazama, anasema amenenepa, anasema ndoa inamngoja vizuri. Tukaamua ataambiwa ukweli baada ya sherehe. Akishayasema maneno yake, tulidhani, hayo mengine yatakuwa madogo.

Sherehe ya pili tuliifanya kwenye ukumbi wa shule ambao shemeji ndiye aliyeupaka rangi, na harufu yake haikuwa imeisha. Wageni walikuwa ndugu wa karibu na majirani, wote wameonywa. Mshereheshaji alikuwa yule yule. Keki, ghorofa mbili za chini zilikuwa boksi lililopakwa sukari, ya juu peke yake ndiyo ya kuliwa. Nani angetoa keki nzima mara mbili?

Kosa langu moja tu lilikuwa kumruhusu afike mapema. Mtu wa viti akiona viti atakaaje? Alivua koti, akaanza kunyoosha mstari, anafumba jicho moja, anasogeza hiki inchi, kile inchi. Mimi nilikuwa napanga maua. Nilipogeuka nilimwona ameinama, amefunua kitambaa cha kiti kimoja, anakitazama kwa ndani.

"Vitambaa mmekodi?"

"Vya kwetu," nilisema. "Tulishonesha."

"Vipya?"

"Vipya."

Alipitisha kidole kwenye doa la mchuzi ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifua nikaona limetoka. Kwa macho yangu lilikuwa limetoka. Kwa macho ya mtu ambaye ameishi na madoa ya harusi za watu, lilikuwa limefuliwa kwa maji ya moto likabaki njano. Kisha akafungua utepe mmoja, akautazama ule mkunjo wa fundo la zamani, akaufunga tena palepale. Alipopita kwenye keki akaigonga ghorofa ya chini kwa ukucha, akavaa koti lake.

Wageni wakaingia. Mshereheshaji akaanza kuwachangamsha na ile hadithi yake ya bwana harusi aliyeenda kununua pete na shemeji zake, na kabla hajafika mwisho mstari mzima wa mbele ulishacheka. Bibi mmoja akaumalizia mwisho wenyewe kwa sauti. Baba Toroli alikuwa amesimama mlangoni na sisi, tunasubiri kuitwa. Alisikia. Mtu aliyesimama ukutani miaka yote hiyo anajua watu wanacheka wakati gani.

Toroli akaja amevaa. Alikuwa mzuri, sitaki kusema uongo, mzuri kuliko mara ya kwanza. Baba yake alimtazama, na uso wake ukalainika, nikasema moyoni tumepona. Kisha akaona pindo la gauni limejikunja, na kwa mazoea yake akapiga goti kulinyoosha. Akakaa pale chini muda mrefu. Pindo lilikuwa limesuguliwa kwa brashi. Kulikuwa na tundu la kisigino, la kiatu cha shemeji, na lilikuwa limeshonwa. Akapandisha macho mpaka ubavuni, tulipoongeza kitambaa.

"Gauni hili limeshatembea," alisema.

"Baba," Toroli alisema, "kuna kitu hujaambiwa. Tulipo..."

"Simama vizuri."

"Baba Toroli, msikilize mtoto," nilisema.

"Nani alimleta?"

Shemeji alikuwa ameketi mbele, anageuka geuka kutuangalia, na Baba Toroli aliufuata ule ugeukaji wake akaelewa nusu. Nusu tu. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, muziki ukapanda, watu wote wakasimama wakitutazama. Toroli akamvuta mkono, "Baba, nisikilize, maneno..."

"Tembea," alimwambia.

Wakatembea. Mimi nilipita pembeni nikakaa kwenye kiti changu. Baba Toroli alitembea vizuri, hatua za ukumbini, hatua za wale mabwana aliowatazama maisha yake yote. Mtu asiyemjua angeona baba mwenye furaha. Mimi niliona taya lake.

Walipofika mbele, mshereheshaji akatoa sauti yake ya heshima. "Baba mzazi, ukumbi ni wako. Tunasikiliza. Nani anamkabidhi binti huyu?" Akampa kipaza sauti.

Toroli alikuwa ameshaanza kulia, yale machozi aliyoyaweka. Alikuwa anamwangalia baba yake machoni, na kichwa anakitikisa polepole, hapana, hapana, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko.

"Muulizeni mdogo wangu," Baba Toroli alisema. "Ndiye aliyemleta mara ya kwanza. Mimi mmenialika kwenye marudio. Nimekuja kula keki, na keki yenyewe ni boksi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni utani. Baba Toroli akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti kwa adabu, mikono miwili, kama anavyorudisha vitu kule kazini.

Mwalimu Mkuu akasimama. Alitengeneza miwani yake kwanza. Naomba ieleweke kwamba mzee yule hakuwa na ubaya. Alikuwa amesubiri kuliko alivyozoea kusubiri kitu chochote, na mbele ya ndugu zake ameambiwa keki ni boksi. "Sisi tulikuja kusikia maneno ya baba," alisema. "Kama baba anasema tumwulize mdogo wake, basi tumempokea kwa mdogo wake. Tunashukuru. Sasa watu wale chakula."

Shemeji akainuka akaangusha kiti. "Hapana, mzee, ngoja. Kaka, mimi sikusema kitu. Siku ile sikusema kitu kabisa, waulize hawa. Nilimsindikiza tu. Maneno tulikuwekea wewe. Ndiyo maana tuko hapa."

Nilimwona mume wangu akisikia. Kwanza alimtazama shemeji, kisha wageni, na wageni wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa, hata yule bibi aliyemalizia hadithi. Akamtazama Toroli. Midomo yake ilianza kutembea. Akanyoosha mkono kutaka kipaza sauti. Lakini mshereheshaji ni mtu anayeogopa kimya kuliko moto, alikuwa ameshageuka, ameshawaita watu kwenye chakula, ameshaashiria muziki, na muziki ukaja kwa sauti ya juu. Mkono wa Baba Toroli ukabaki hewani. Toroli akauachia ule mwingine, akajifuta macho kwa kiganja, akaenda kukaa karibu na mumewe.

Watu wanapokula hawawezi kuhutubiwa, na waliposhiba walianza kuaga. Baba Toroli hakula. Nilimkuta ameshaanza kuvua vitambaa kwenye viti vya nyuma, anavikunja, tepe anaziweka pembeni. Nilikuwa na maneno yangu na mimi, makali, niliyapanga tangu pale mbele. Nilitaka kumwambia kwamba kwa miaka yote hiyo aliwapa alama akina baba wa watu, na yeye amepata sifuri. Nilipomfikia nikaona anakunja kitambaa kile kile kwa mara ya tatu, nikayameza. Bado yako tumboni.

Toroli akaja, gauni amelikusanya mkononi. Alishika ncha za upande wa pili wa kitambaa cha meza kubwa. Kukunja kitambaa kile ni kazi ya watu wawili, mimi ndiye niliyemfundisha: mnavuta, mnakung'uta, mnaendeana, mmoja anampa mwenzake ncha zake. Wakaendeana. Nyuso zikakaribiana. Baba Toroli alisema, "Binti yangu." Wakarudi nyuma, wakavuta, wakaendeana tena.

"Sema, baba," Toroli alisema. "Sema hata hapa. Mimi nasikia."

"Binti yangu amelelewa..." alisema, akaangalia kile kitambaa mkononi, na hayakuja. Alisimama hapo mdomo wazi, macho nusu, namna ile ile alivyokuwa akiganda kwenye simu.

Mkwe wangu akaita kutoka mlangoni, kwa upole, kwamba baba yake ameshaingia kwenye gari na anaangalia saa. Nilimsubiri Toroli ajibu vile anavyojibu siku zote, kwamba yeye bado hajakabidhiwa, wamngoje. Alimpa baba yake ncha za kitambaa. "Nakuja, mume wangu," alisema, akaenda.

Likizo iliyobaki Baba Toroli aliimaliza kwa bawaba za milango. Alikwenda kwa binti yake mara kadhaa, akapokewa vizuri, akapewa chai, na kila mara Mwalimu Mkuu alikuwepo, na kila mara maongezi yalikuwa juu ya hali ya hewa na safari. Shemeji alikuja kumwomba radhi kaka yake kwa kosa ambalo hakulifanya, akaondoka bila kujua kama amesamehewa. Sisi wawili hatukugombana. Tuliongea mambo ya nyumba.

Siku ya kurudi kazini nilimsindikiza peke yangu. Toroli hakuja, alisema miguu imevimba. Kwenye ule mlango ambao asiye na tiketi haruhusiwi kupita, Baba Toroli aliweka begi chini. Suti ya kijivu aliiacha nyumbani, kabatini. Alisema kule haina kazi.

"Mtoto akizaliwa tutafanya kasherehe kadogo," nilimwambia. "Tupange lini?"

Aliangalia watu waliokuwa wakipita na mabegi yao. "Fanyeni tu," alisema. "Msinisubiri."

Nikamwambia sawa. Na safari hii sikuwa namdanganya.